Dawa Ilimgusa Nani Kwanza? Vizuia Glutamati na Mimba za Wanyama wa Maabara

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wakunga, wauguzi na wanafunzi wa famasia. Naiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro nimeiacha, maneno ni yale yale.

Ndugu zangu wakunga, wauguzi, na ninyi wanafunzi mliojipanga huko nyuma, habari zenu. Nashukuru kwa nafasi hii.

Nianze na karatasi. Ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi ndani ya boksi la dawa, yenye maandishi madogo. Wagonjwa wengi huitupa, lakini wapo wanaoisoma mpaka mwisho. Mama mwenye kifafa, ambaye kwa muda mrefu hajaanguka kwa sababu ya dawa yake, anaifungua, anashuka mpaka sehemu ya ujauzito, anakuta imeandikwa kwamba katika majaribio ya wanyama dawa hii iliua viinitete. Anakuja kwako. Anakuuliza: "Nesi, mtoto wangu atakufa?"

Utamjibu nini? Utamwambia asijali, hao ni panya tu? Utamwambia aache dawa leo leo? Majibu yote mawili ni ya hatari, na nimekuja hapa kwa sababu nayasikia yote mawili yakitolewa kwa ujasiri mkubwa. Mimi nataka mtoke na swali moja la kuuliza kila mnapoona sentensi ya namna hiyo: dawa ilimgusa nani kwanza? Ilimgusa mama katika ubongo wake? Ilimgusa mama katika mwili wake? Au ilikigusa kiinitete chenyewe?

Kundi la dawa ninalotaka tulitumie kujifunza swali hili ni zile zinazoziba vipokezi vya glutamati. Glutamati ni kemikali ambayo seli za neva hutumia kuamshana. Katika ubongo wa mamalia hakuna kemikali ya kuamsha inayofanya kazi kubwa kuliko hiyo. Inatoka kwenye seli moja, inanasa kwenye kipokezi cha seli ya pili, kipokezi kinafunguka na kupitisha chembe zenye chaji. Vipokezi hivyo vina aina nyingi. Viwili tutavitaja sana leo: AMPA na NMDA. Hicho cha NMDA ni kama mlango wenye vitasa viwili na komeo. Glutamati inashika kitasa kimoja, glaisini inashika cha pili, na bado mlango haufunguki mpaka komeo liondoke. Komeo lenyewe ni chembe ya magnesiamu iliyokaa ndani ya tundu, na huondoka pale seli inapokuwa imeshasisimka. Likumbukeni hilo komeo la magnesiamu, maana tutakutana nalo tena.

Dawa zinazoziba vipokezi hivi mnazijua, hata kama hamkuwahi kuzipanga pamoja. Ketamini ya usingizi na maumivu, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1962 na ambayo leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dekstromethofani iliyomo kwenye dawa nyingi za kikohozi. Memantini ya wazee waliopoteza kumbukumbu. Amantadini ya ugonjwa wa Parkinson. Gesi ya naitrasi oksaidi. Perampaneli ya kifafa, ambayo yenyewe huziba AMPA. Na pombe pia. Pombe huziba NMDA. Mnaona familia ilivyo kubwa? Mtu akisema kwa mkupuo kwamba vizuia glutamati huharibu mimba, amezungumzia dawa ya kikohozi na chupa ya pombe katika pumzi moja.

Sasa nisikilizeni habari ya panya, kwa maana ndani yake kuna jambo ambalo mimi nikilifikiria bado linanishangaza.

Mwaka 1959, London, mtafiti aitwaye Hilda Bruce alitangaza jambo lililowashtua wenzake. Panya mdogo jike aliyekwisha kupandwa na dume wake, akiwekwa karibu na dume mgeni katika siku za mwanzo, mimba yake haishiki. Si lazima dume mgeni amguse. Harufu peke yake inatosha. Baada ya siku chache jike anarudi kwenye joto kana kwamba hakupandwa kabisa.

Jiulizeni: mbona harufu ya dume wake mwenyewe haimfanyi hivyo? Naye ni dume, naye ananuka kidume, naye yupo pale pale kizimbani. Jibu ni kumbukumbu. Katika saa chache baada ya kupandwa, sehemu ndogo ya ubongo iliyo nyuma ya pua inajifunza harufu ya dume yule na kuinyamazisha. Kuanzia hapo harufu yake haipiti. Harufu ya mgeni inapita. Inafika hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza homoni; kemikali ya dopamini inapanda, homoni ya prolaktini inashuka, ovari zinaacha kutoa projesteroni, homoni inayoshikilia mimba, na kiinitete kinachoshuka kutafuta mahali pa kujishikiza kinakuta mji wa mimba haujaandaliwa.

Kumbukumbu hiyo inaandikwa kwa msaada wa glutamati. Mwaka 1989 Peter Brennan na Barry Keverne wa Cambridge walitia dawa ya kuziba vipokezi vya glutamati moja kwa moja katika sehemu ile ya harufu, katika zile saa za kujifunza. Matokeo yake? Jike hakumjua tena dume aliyempanda. Harufu ya dume wake ikawa kama ya mgeni, na mimba ikazuiwa na baba wa mimba mwenyewe. Miaka mitano baadaye, 1994, Hideto Kaba, Shigetada Nakanishi na wenzao wakaonyesha upande wa pili: ukiamsha kipokezi kimojawapo cha glutamati katika sehemu hiyo hiyo, jike anaijua harufu ya dume hata kama hakupandwa naye.

Tulieni hapo kidogo. Dawa ilimgusa nani kwanza? Kiinitete hakikuguswa. Mji wa mimba haukuguswa. Kondo la nyuma lilikuwa hata halijatokea. Kilichoguswa ni kumbukumbu ya mama, na mimba ikapotea.

Panya buku, yaani wale panya wakubwa wa maabara (rat), nao wana yao. Kwao tendo lenyewe la kupandwa ndilo linalouambia ubongo uanze kutoa mawimbi mawili ya prolaktini kila siku, na mawimbi hayo ndiyo yanayoshikilia mimba katika siku za mwanzo. Kundi la Mary Erskine wa Boston lilionyesha mwaka 2001 kwamba ishara hiyo inapitia vipokezi vya NMDA katika amigdala, sehemu ya ubongo inayokaa ndani kabisa pembeni. Ziba vipokezi hivyo wakati wa kupandana, na mwili wa jike hautaingia katika hali ya kushika mimba. Ubongo haukupata habari.

Je, njia hii ipo kwa binadamu? Hapa ninyi wakunga mnaweza kunifundisha. Mama anapopata mimba, anayetangaza habari ni nani? Ni kiinitete chenyewe. Kinatoa ile homoni ambayo kipimo cha mkojo kinaitafuta, hCG, na homoni hiyo inauamuru ule mwili wa njano ulioachwa kwenye ovari na yai uendelee kutoa projesteroni. Hatusubiri wimbi la prolaktini kutoka kwenye ubongo, wala mtu mzima hana ile sehemu ndogo ya harufu nyuma ya pua, balbu ya ziada, ambayo panya anaitegemea. Kwa hiyo mimba ya panya iliyopotea kwa njia hii ni habari nzito sana kuhusu ubongo, na ni habari nyepesi sana kuhusu mama aliyekaa mbele yako.

Lakini msikimbilie kufurahi. Si kila mimba ya maabara inapotea kwa njia hiyo.

Hebu niwaeleze jinsi mimba zinavyohesabiwa, kwa sababu wengi hudhani mnyama anaangaliwa tu kama amezaa au hakuzaa. Panya buku hubeba mimba siku 21 au 22, sungura siku 31 hivi. Muda mfupi kabla ya kuzaa, mji wa mimba hufunguliwa. Kwenye ovari mtafiti anahesabu miili ya njano. Kila mmoja ni yai moja lililotoka. Kwenye mji wa mimba anahesabu mahali ambapo viinitete vilijishikiza. Kisha anahesabu vijusi vilivyo hai. Miili ya njano ikizidi mahali pa kujishikiza, upotevu ulitokea mapema, kabla mimba haijashika. Mahali pa kujishikiza pakizidi vijusi hai, mimba ilishika kisha ikafa ndani, na mwili wa mama ukaanza kuifyonza. Na kama mji wa mimba unaonekana mtupu? Tangu 1964 kuna njia ya kuupaka amonia salfaidi, na mahali palipowahi kushika mimba panajitokeza kwa rangi nyeusi. Yaani hata mimba iliyofutika huacha alama. Mtu akiwaambia tu kwamba mimba zilipotea, mwulizeni: zilipotea kabla ya kushika, au baada?

Twende kwa perampaneli, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2012. Sungura wenye mimba walipewa miligramu 1, 3 au 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Katika kipimo cha kati na cha juu viinitete vilikufa, na katika vipimo hivyo hivyo mama nao waliugua. Sasa, anayefuga sungura anajua: sungura mwenye mimba akiacha kula, anatupa mimba. Ukimnyima chakula tu, bila dawa yoyote, anaweza kutupa mimba. Dawa inayotuliza ubongo kiasi cha kumfanya mnyama alale na asiguse chakula inaweza kuondoa mimba bila kukigusa kiinitete hata kidogo. Dawa ilimgusa nani kwanza? Hapo mama ndiye aliyetangulia kuumia, na kuutenganisha ugonjwa wake na madhara ya moja kwa moja kwa kiinitete ni kazi ngumu.

Ngumu, lakini haituruhusu kupuuza. Katika panya buku, perampaneli ilileta kasoro ya utumbo, kijifuko kinachochomoza pembeni, kwa vipimo vyote vilivyojaribiwa, hata kile cha chini ambacho mama hawakuugua. Na kipimo hicho cha chini, kikipigiwa hesabu kwa eneo la ngozi ya mwili, kinakaribia miligramu 8 kwa siku kwa binadamu, kipimo ambacho wagonjwa wanameza kweli. Kwa sungura, kipimo kisicholeta madhara ni kama mara mbili tu ya hicho cha binadamu. Mara mbili ni nafasi ndogo! Ndiyo maana nasema jibu la kwamba hao ni panya tu ni la hatari.

Memantini, yenye kuziba NMDA, haikuleta kasoro za maumbile kwa panya buku wala sungura hata katika vipimo vya juu. Ilipunguza uzito wa vijusi na kuchelewesha mifupa pale mama alipoumwa. Amantadini iliongeza vifo vya viinitete kwa panya buku kwa miligramu 100 kwa kilo, ambayo kwa hesabu ya eneo la ngozi ni kama mara tatu ya kipimo cha juu cha binadamu. Dawa za familia moja, tabia mbalimbali.

Sasa kiinitete chenyewe. Mwaka 1998 watafiti wa Nebraska walitia dekstromethofani na vizuizi vingine vya NMDA kwenye mayai ya kuku yenye viinitete vichanga. Viinitete vingi vilikufa, na vingine vikawa na uti wa mgongo usiofunga. Fikirieni habari hiyo ilivyopokelewa: dawa ya kikohozi, iliyopo kila duka la dawa! Je, yai lina mama? Halina. Halina ini la mama la kuivunja dawa, halina kondo, halina figo za kuitoa nje. Dawa ikishaingia kwenye yai, inabaki na kiinitete. Jaribio lilitufundisha kwamba vipokezi vya NMDA vina kazi katika kiinitete kichanga sana, na hilo ni jambo la maana. Lakini halikuweza kutuambia mama anayekunywa kijiko cha dawa ya kikohozi yuko katika hali gani. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walichapisha ufuatiliaji wa wanawake 184 waliotumia dekstromethofani wakiwa wajawazito. Kasoro kubwa za kuzaliwa hazikuzidi kiwango cha kawaida. Idadi hiyo si kubwa, nakubali, lakini ni wanawake wenyewe.

Nipite haraka kwenye jambo moja ambalo kwa kweli linastahili hotuba yake. Mimba kutopotea hakumaanishi kijusi kimesalimika. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba kuziba NMDA kwa saa kadhaa katika vichanga vya panya buku vyenye siku 7 tangu kuzaliwa, ambavyo ubongo wao bado unajengeka, hufanya seli nyingi za ubongo zijiue. Mwaka 2000 pombe ikaonekana kufanya vivyo hivyo. Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo juu ya dawa za usingizi, ketamini ikiwamo, kutumika kwa zaidi ya saa tatu au kwa kurudiarudia kwa watoto walio chini ya miaka mitatu na kwa wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho.

Nirudi kwenye mimba, na safari hii nawazungumzia ninyi mnaofanya kazi vyumba vya upasuaji na kliniki za meno. Mwaka 1967 daktari wa Kisovieti aitwaye Vaisman aliripoti wanawake watoa usingizi: katika mimba 31, mimba 18 ziliharibika. Mwaka huo huo watafiti wengine wakaonyesha kwamba naitrasi oksaidi, panya buku akiivuta kwa siku kadhaa, inaua viinitete na kuharibu mbavu na uti wa mgongo. Gesi hii inaziba NMDA. Kwa hiyo kosa ni la glutamati, au siyo?

Mwaka 1980 lilifanyika jaribio zuri sana. Panya buku wenye mimba walivutishwa naitrasi oksaidi, na wengine wakavutishwa xenoni. Xenoni nayo ni gesi ya usingizi, na baadaye ilikuja kujulikana kwamba nayo inaziba NMDA. Naitrasi oksaidi ilidhuru mimba. Xenoni haikudhuru. Tofauti yao ni nini? Naitrasi oksaidi inaharibu chembe ya kobalti iliyomo katika vitamini B12, na bila B12 iliyo hai, seli inayogawanyika inakwama kutengeneza DNA. Watafiti wa baadaye waliongeza njia nyingine, inayopitia vipokezi vya adrenalini. Glutamati, ambayo tungeishtaki mara moja, haikuwa mshtakiwa mkuu.

Na hili si la panya peke yao. Mwaka 1992 huko Marekani, wasaidizi wa madaktari wa meno waliovuta gesi hii saa tano au zaidi kwa wiki, katika kliniki zisizo na mfumo wa kuinyonya gesi inayovuja, uwezekano wao wa kushika mimba kila mzunguko ulikuwa asilimia 41 tu ya wenzao wasioivuta. Mwaka 1995 ikaonekana kwamba wenye saa tatu au zaidi kwa wiki, bila mfumo huo, hatari yao ya mimba kuharibika ilikuwa mara 2.6. Palipokuwa na mfumo, hatari haikuonekana kuzidi. Dada zangu mnaofanya kazi na gesi hii, ulizeni kesho: mfumo wa kunyonya gesi unafanya kazi? Ulizeni kabla hamjashika mimba.

Niliwaomba mkumbuke komeo. Magnesiamu salfeti, ambayo wakunga mmeichoma kwa mikono yenu, ni magnesiamu ile ile inayoziba NMDA, ingawa pia inalegeza mishipa ya damu. Katika utafiti wa Magpie uliochapishwa 2002, zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33 walishirikishwa, na dawa hiyo ilipunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Kizuizi cha NMDA kinachomkinga mama mjamzito! Hata hicho kina mpaka: tangu 2013 inaonywa kisitumike mfululizo zaidi ya siku 5 hadi 7 kuzuia uchungu wa mapema, kwa sababu mifupa ya kijusi inapoteza kalisi.

Basi tumrudie yule mama. Mwambieni asiache dawa ghafla. Kifafa kilichoachiwa ghafla kinaweza kurudi kwa kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na hapo anaweza kufa yeye pamoja na mtoto. Mwambieni kwamba alichosoma ni kweli, kwamba sungura waliotupa mimba walikuwa wagonjwa, na kwamba hata hivyo nafasi kati ya kipimo chao na chake si kubwa, kwa hiyo apelekwe kwa daktari wa kifafa sasa, ikiwezekana kabla ya kushika mimba, wapange dawa na kipimo. Kisha muulizeni jambo ambalo wengi husahau: unatumia uzazi wa mpango gani? Perampaneli kwa miligramu 12 kwa siku hupunguza levonogestreli, homoni iliyomo katika vidonge vingi vya uzazi wa mpango, mwilini kwa asilimia 40 hivi. Mama anaweza kuwa anameza kidonge chake kila siku bila kukosa, akaamini amejikinga, na mimba ikaingia wakati hata hajaanza kupanga.

Na akishakuwa mjamzito, andikeni kwenye faili lake jina la dawa, kipimo, na wiki ya mimba alipoimeza, kisha muulizeni kama anakubali kuandikishwa. Ipo sajili ya Amerika Kaskazini tangu 1997, na ya kimataifa iitwayo EURAP tangu 1999, zinazofuatilia mimba za wanawake wanaotumia dawa za kifafa. Sungura wameshahesabiwa. Hawa mama bado tunawahesabu, na faili lililo tupu halihesabiki.

Karibuni kwa maswali.